Mawe Matatu Meusi

"Kioo, jamani, kioo. Nipisheni na kioo."

Sauti ilitokea nyuma ya watu, katikati ya soko la Mwanakwerekwe, pale wauza nyanya wanapopakana na wauza mitumba. Watu wakajibana huku na huku. Mayasa alikuwa amechutama akimwagia maji vyungu vyake vya maua, na aliposikia neno kioo mwili ulimsisimka. Alikuwa mtu wa kuogopa: vioo, ngazi za giza, wageni, simu za namba asizozijua. Aliinuka haraka akarudi nyuma, kisigino kikapiga chungu cha asumini, nacho kikabingirika mpaka miguuni mwa mbebaji.

Mbebaji alipepesuka. Tangi la kioo alilolibeba begani, refu kama sanduku la nguo, likainama upande. Mayasa alifumba macho akingoja mlio.

Mlio haukuja.

"Fumbua macho, bibie. Liko zima. Na mie nko mzima, ikiwa unajali."

Mbele yake alisimama kijana mrefu, kofia imemkaa upande, shati jeupe lina madoa ya gundi, vidole viwili vimefungwa plasta. Kwenye kioo cha tangi Mayasa aliuona uso wake mwenyewe ndani ya mtandio wa zambarau, macho yamemtoka.

"Samahani, kaka," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe huna kosa. Chungu ndicho kilichotaka kuniua." Kijana alilishusha tangi taratibu, akaokota chungu akirudishe mahali pake. Hapo mkono ukasita. Katika kila chungu cha Mayasa, chini ya ua, palikuwa na vijiwe vitatu: kimoja kikubwa, cha pili kikikiegemea, na kidogo mbele yao.

"Haya mawe kakupangia nani?"

"Mwenyewe."

"Mbona umeyasogeza upande? Mie ningeyaweka katikati."

Mayasa alitazama ncha za kandambili zake. "Yakiwa katikati yanaonekana yamewekwa. Yakiwa upande yanaonekana yamezaliwa hapo."

"Hebu sema tena."

"Sisemi."

Kijana alicheka mpaka muuza nyanya akageuka. Jina lake Basil. Alikuwa fundi vioo mwenye karakana nyuma ya soko, na alikaa Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda, yeye na mama yake, Bi Kulthum. Mama alikuwa na presha. Daktari alimwambia aupumzishe moyo, lakini tangu afiwe na mumewe alikuwa hana cha kutazama ila ukuta. Ndipo Basil akapata wazo la tangi la samaki. Kukata kioo alijua. Kupanga ndani ya kioo hakujua.

"Nkitia mawe," alimwambia Mayasa kesho yake, alipokuja kununua ua asilolihitaji, "linakuwa kama nyumba imeangukia majini. Njoo unisaidie."

"Mie? Mie skusoma mambo hayo. Hata darasa la saba skumaliza."

"Samaki nao hawakusoma."

Mayasa alivuta mtandio ukamfunika mdomo, lakini macho yalikwisha kucheka. Basil aliendelea kuja na kununua, hata karakana yake ikawa kama kitalu. Mwishowe Mayasa alikubali, kwa sharti mlango uwe wazi na soko zima liwaone.

Basil alichora kwa chaki sakafuni umbo la kitako cha tangi, akamwaga mchanga ndani ya mistari. Mayasa alipiga magoti. Mwanzo aliugusa mchanga kwa ncha ya kidole tu, kisha kwa viganja vyote viwili. Aliuinua nyuma na kuushusha mbele.

"Huku nyuma uwe juu, ndiyo jicho liende mbali," alisema. Jiwe kubwa alilichimbia kitako chake mchangani, mkono wa kushoto. La pili aliliinamisha upande ule ule wa la kwanza. Dogo alilitenga kidogo mbele. Kisha alichukua mzizi wa mkarafuu, ambao Basil aliuchemsha mpaka maji yakawa kama chai ya rangi, akaupitisha nyuma ya mawe, ncha zake zikielekea palipobaki wazi.

"Na hapa patupu tunatia nini?"

"Hatutii kitu. Samaki wapite wapi? Mama yako akitazama hukaa wapi?"

"Kitini, dirishani."

"Basi na wewe keti. Unatazama umesimama kama askari."

Basil aliketi sakafuni, akatazama kwa muda mrefu. Hakuyatazama mawe peke yake. Mayasa aliliona jambo hilo, na hofu mpya, isiyofanana na zile nyingine, ilimpita kifuani.

Ilibaki shida moja. Basil alikata ndimu akalikamulia jiwe kubwa tone moja. Jiwe likatoa povu.

"Unaona? Lina chokaa. Linaharibu maji. Samaki nliowaagiza, wale wadogo wenye mstari wa buluu, wanataka maji laini. Watakufa mmoja mmoja mbele ya mama. Nshajaribu mawe ya Mangapwani, nshajaribu ya Fumba, yote yanatoa povu. Kisiwa kizima hiki ni tumbawe."

"Kwetu Kizimbani yapo meusi," Mayasa alisema. "Laini. Mvua haiyali."

"Yako wapi hasa?"

"Nyuma ya nyumba."

Palikuwa na maneno mengine ya kuongeza, lakini yalihusu watu wake waliokwisha kufa, na hakuzoea kuwataja mbele ya mtu wa nje. Aliona haya. "Lakini wacha," alisema. "Tutafute mengine."

Basil alidhani anaogopa kuonekana naye na watu wa kwao. Hakumsumbua tena kwa maswali.

Sasa zikaja simu. Mayasa alizipokea akiwa ukumbini, huku akichambua mchele, simu ameibana begani.

"Umekula, mpenzi?"

"Nshakula."

"Umenifikiria?"

"Nilikuwa nnafikiria mchele."

"Mchele una bahati. Sikiliza. Tangi likiwa tayari, uje Kiponda ulione, na mama akuone. Baada ya hapo nalileta jambo kwenu."

Mayasa aliacha kuchambua. Jambo lenyewe alilijua: posa. "Akinikataa? Mie kitukuu cha mchuma karafuu, Basil. Nyie watu wa mlango mkubwa."

"Mlango wetu una kutu, habibti. Kuufungua ni kazi ya watu wawili."

Siku ilipofika Mayasa alivaa abaya nyeusi yenye uzi wa fedha mikononi, aliyoazimwa na rafiki yake Yusra, akajipaka udi kidogo. Mlango ulikuwa mkubwa kweli, na ngazi zilikuwa za giza kama alivyoogopa. Alizipanda akishika ukuta. Juu, Bi Kulthum alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani, mnene, mweupe, amevaa dira la maua, miguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Basil kanambia una mikono mizuri. Wa wapi wewe?"

"Kizimbani."

"Baba yako nani?"

Basil hakuweza kungoja. Alikamata shuka lililofunika tangi kwenye meza ya pembeni. "Kabla hujajibu, tazama. Nimeyapata," alisema, akalivuta.

Kila kitu kilikuwa kama alivyopanga Mayasa sakafuni. Mchanga ulipanda nyuma, mzizi ulinyoosha ncha zake, samaki wadogo walipita pale patupu wakimetameta. Na mkono wa kushoto yalisimama mawe matatu, meusi, laini. Kubwa lilikuwa na mstari mweupe uliolizunguka kama mkanda.

Mayasa aliujua mstari ule. Kila sikukuu alikuwa akiufuta majani kwa kiganja chake. Lilikuwa jiwe la kichwani la kaburi la baba yake. La pili lilikuwa la miguuni. Na lile dogo lilikuwa la mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa hapumui.

Babu wa baba yake alitoka bara, milima ya Uluguru, kuja kuchuma karafuu, na katika ukoo wao ilibaki desturi: anayezikwa Unguja huwekewa mawe ya mto wa kwao, ili asiwe mgeni moja kwa moja. Anayesafiri kwenda huko hurudi nayo. Ndiyo maana mawe yale hayakutoa povu. Hayakuwa ya kisiwa hiki.

"Nakuuliza, mwanangu. Baba yako nani?"

Pampu ya tangi ilikuwa ikinguruma taratibu. Jiwe la baba lilikuwa limejaa viputo vidogo, na kila mara kimoja kilijitenga kikapanda juu, kama mtu anayevuta pumzi chini ya maji. Mayasa aliyaondoa macho kwenye tangi. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akaufikia mlango, akashuka zile ngazi za giza mbio bila kushika ukuta.

"Kuna nini?" aliuliza Bi Kulthum.

"Kuna wewe," Basil alisema kwa uchungu. "Mtu hajapumua, ushamuuliza baba yake kama polisi."

"Sasa nimuulize nini, bei ya nyanya?"

Basil alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena na tena, akatuma ujumbe wa kuomba radhi kwa niaba ya mama yake. Hakufikiria mawe hata kidogo. Alikuwa amekwenda Kizimbani na vespa yake siku ambayo Mayasa yuko sokoni, akapita njia ya nyuma, katikati ya mikarafuu, ili amfanyie jambo la kumfurahisha. Masika ilikuwa imeotesha majani kila mahali. Aliona mawe matatu meusi yamechomoza kwenye majani hayo. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na maandishi. Aliyakamulia ndimu, hayakutoa povu. Alimshukuru Mungu, akayatia kwenye kikapu.

Mayasa alipofika nyumbani, alikuta ua umejaa watu. Mama yake, Bi Shemsa, alikuwa amekwenda kufagia makaburi akakuta mashimo. Alikuwa amekaa kizingitini, kanga imemwanguka mabegani, halii, anatazama tu. Ami Mjaka, mdogo wa marehemu baba yake, alikuwa akitembea huku na huku na panga lake la kufyekea.

"Huyu si mwizi," Ami Mjaka alikuwa akiwaambia wanaume. "Mwizi angechukua mbuzi. Anayechukua vitu vya kaburini ana kazi yake nyingine. Na watu wa kazi hiyo hurudi. Akirudi, hataondoka kwa miguu yake."

Wanaume waliitikia. Mayasa aliwapelekea chai, akaliweka sinia chini bila kumtazama ami yake.

Tangu saa hiyo hofu mbili zilikaa naye. Akisema, watampiga Basil, na hawatasikiliza kwamba hakujua. Asiposema, baba yake atalala bila alama, na yeye ataolewa akiwa na jambo hili tumboni, ale nalo, alale nalo. Wanaume wakakaa zamu nyuma ya nyumba. Kila aliposikia pikipiki barabarani aliacha alichokishika.

Kisha ukaja ujumbe: *Kesho nakuja kwenu. Nataka kusema na wazee wako.*

Mayasa alipiga simu hapo hapo, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Alhamdulillahi," Basil alisema. "Nlidhani simu imekufa."

"Usije, Basil."

"Kwa sababu ya mama? Mama anajuta. Hali chakula vizuri tangu uondoke."

"Si mama."

"Basi ni mie. Hunitaki. Sema tu nisikie, nisiendelee kujidanganya."

"Yale mawe uliyatoa wapi?"

"Nyuma ya nyumba yenu. Si ulinambia mwenyewe yapo?"

"Yametoka makaburini."

Mayasa alisikia mngurumo wa pampu tu upande wa pili.

"Kubwa ni la baba yangu," alisema.

"Mayasa."

"Naam."

"Mbona hukunambia?"

"Nliona haya. Kisha nkaogopa. Sasa watu wanakungoja na mapanga. Wanasema ni mchawi."

"Wanajua ni mie?"

"Hawajui."

Wote wawili walikuwa wakiwaza kitu kimoja. Basil ndiye aliyekisema. "Naweza kuyarudisha kimya kimya. Nikayaacha njiani, wayaokote wenyewe. Ikawa imekwisha."

Mayasa alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Na ukishanioa," alisema, "utakaa na mama yangu sinia moja, unakula, unajua wewe na yeye hajui?"

"Sasa nifanye nini? Nambie wewe."

"Sijui mie. Naogopa tu."

"Na mie naogopa," Basil alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtoto.

Hakuwa amemwona mama yake. Bi Kulthum alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, mkono kwenye fremu, na alisikia ya kumtosha. Hakuuliza swali. Alikwenda kwenye tangi, akakunja mkono wa dira, akautumbukiza mpaka kwenye kiwiko. Samaki wakatawanyika. Jiwe la kwanza lilipotoka, mchanga alioupanga Mayasa ukaporomoka, mzizi ukalala.

"Mama, presha yako. Wacha nitoe mie."

"Nimekaa hapa natazama kaburi la baba wa watu nikisema masha'Allah," Bi Kulthum alisema, akihema. "Nikae tena presha yangu ishuke? Lete ile shuka nyeupe mpya. Na kesho tunakwenda sote, mchana, watuone tunavyoingia."

Walikwenda kwa teksi baada ya sala ya alasiri. Basil alivaa kanzu, na alimshika mama yake mkono mmoja, mkono mwingine umekumbatia furushi la ile shuka nyeupe. Ua wa kina Mayasa ulikuwa na wanaume wanne na Ami Mjaka. Basil alitoa salamu. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini alipoliona panga alibaki na machache.

"Mawe nimeyachukua mie," alisema. "Skujua kama ni makaburi. Nimeyarudisha."

Hakuna aliyesogea kwanza. Kisha Ami Mjaka aliinuka, na panga likainuka naye. Bi Kulthum alimkamata mwanawe kanzu kwa nyuma. Mmoja wa wanaume alikwenda akasimama njiani, upande wa kutokea.

"Hukujua," Ami Mjaka alisema. "Umetoka mjini, ukaja mpaka nyuma ya nyumba yetu, kwenye mawe matatu tu, na hukujua. Nani alikwambia kama yapo?"

Basil alitazama chini.

"Nakuuliza, nani?"

"Mimi, ami."

Mayasa alikuwa ametoka jikoni. Kanga aliyojitanda ilikuwa imelowa jasho, na mkono mmoja umeishika nguzo ya baraza. Katika ua ule hakuna mwanamme aliyewahi kumsikia akisema mbele ya watu zaidi ya shikamoo.

"Mimi nlimwambia yapo. Skumwambia ni ya nini. Nliona haya kumtaja baba. Kama ni kupigwa, tupigwe sote."

"Umemjua wapi huyu?"

"Sokoni."

"Sokoni," alirudia Ami Mjaka, kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha.

Bi Shemsa alipita katikati yao akachukua furushi mikononi mwa Basil. Aliketi chini akalifungua. Alipitisha kidole juu ya ule mstari mweupe, akauzungusha mpaka mwisho. Kisha alilipakata lile jiwe dogo, na hapo ndipo alipolia. Walimngoja. Aliponyanyua uso alimwona Bi Kulthum ameegemea ukuta, anapumua kwa taabu.

"Mayasa, mletee bibi kiti na maji," alisema. "Ataanguka."

Ami Mjaka aliliweka panga chini. Alimpa Basil jembe.

Makaburini, Ami Mjaka alimwonyesha kwa kidole mahali pa kila jiwe. Basil alichimba kwa mikono palipotaka mikono, kanzu ikachafuka matopeni. Hakupima kwa jicho, hakusogea nyuma kutazama. Alisimamisha kichwa palipo kichwa, na miguu palipo miguu, na dogo akalishindilia udongo pole pole kwa kiganja. Wakasoma Fatiha, wote, hata wale wanaume waliokuja na hasira zao.

Bi Shemsa alimtazama kijana anayepangusa udongo mikononi. "Ulipokuja kuyachukua, hukuogopa?"

"Hapana, Bi. Skujua."

"Na leo?"

"Leo nimeogopa tangu nyumbani. Mpaka sasa naogopa."

"Nini tena? Hakuna atakayekupiga."

Basil alitazama upande wa pili wa kaburi, aliposimama Mayasa. "Naogopa nimejikosesha kuja kumposa mwanao."

Bi Shemsa alifunga kanga yake vizuri. "Mwanangu ana ami yake. Muulize yeye."

Ami Mjaka alikuwa ameinama akiokota panga lake. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Leo mie sina la kukujibu," alisema. "Leo bado nna hasira. Ijumaa uje na wazee wako. Na safari hii pitia mlango wa mbele."

Akaondoka bila kungoja jibu. Bi Kulthum alisindikizwa mpaka kwenye teksi, amemshika Bi Shemsa mkono, wakizungumza mambo ya dawa za presha kama watu waliojuana zamani. Mayasa alibaki barazani. Hakuthubutu kumuaga Basil mbele ya watu. Teksi ilikuwa haijaliacha shamba la mikarafuu, simu yake ikalia.

"Umemsikia ami yako?"

"Nimemsikia."

"Ile ni ndiyo?"

"Kwa ami, ile ni ndiyo kubwa."

"Sasa mbona natetemeka bado?"

Mayasa aliutazama mkono wake ulioshika simu. "Na mie natetemeka," alisema. "Usikate."